Siku Niliyomsukuma Mama Mkwe

Nakumbuka siku moja ya kulima ntumba, mwanangu. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, sisi tukiwa upande wa Mollo, kule kwenye baridi ya Ufipa, nami ni mkwe mgeni ambaye hata jikoni kwa mama mkwe naingia kwa hodi. Ntumba, kwa wewe uliyezaliwa mjini, ni yale matuta ya mviringo: nyasi zinakatwa, zinafunikwa udongo, zinaozea humo humo na kulisha shamba. Siku hiyo vikundi viwili vya kijiji vilishindana kulima, na tegemeo la kikundi chetu alikuwa mume wangu, Deo. Mwanamume yule akilima, ungedhani udongo unamkimbia.

Lakini Deo alikuwa na kisukari, kile cha sindano. Kabla hakijajulikana alikonda mpaka suruali akaifunga kwa kamba, maji anakunywa hayamtoshi, watu wakasema amerogwa. Tukampeleka hospitali Sumbawanga, mimi na mama yake, na sista mmoja akatukalisha kwenye benchi atufundishe. Akasema sukari, soda na pombe akae navyo mbali. Mama mkwe aliposikia hapo akanyanyuka kwenda kututafutia lori la kurudi nyumbani; kwake somo lilikuwa limeisha. Mimi nikabaki. Sista akaendelea: dawa hii inashusha sukari ya mwilini, kwa hiyo akichoma lazima ale. Akichoma akakaa na njaa, tena akafanya kazi ngumu, sukari inashuka kupita kiasi. Atatoka jasho, atatetemeka, ataongea hovyo. Hapo mpe sukari upesi. Tangu siku hiyo nikawa natembea na sukari kidogo kwenye pindo la khanga.

Nusu hiyo ya pili sikumwambia mama. Ningeanzaje, mkwe wa juzi kumfundisha mama mzaa chema?

Sasa asubuhi ya mashindano nikachemsha sindano ya kioo, nikatoa kichupa cha dawa mtungini tulimokihifadhi kwenye ubaridi, Deo akachoma. Uji wa ulezi ulikuwa bado unatokota. Mara rimu kuukuu la gari, ndiyo kengele yetu, likagongwa, wenzake wakapita wakimwita, naye akabeba jembe. "Uji utanikuta shambani," akasema. Haukumkuta. Siku ya mashindano hakuna anayekula mpaka mstari uishe, na haraka haraka, unajua mwenyewe, haina baraka.

Jua lilipopanda nikaona shati lake limelowa chapachapa, na upepo wa Ufipa ule, wenzake hata masweta hawajavua. Akarudi kwenye tuta alilokwisha kumaliza, akaanza kulibomoa. Balozi wetu wa nyumba kumi alipomuuliza, akamtukana. Deo, ambaye hata mbwa hakuwahi kumtukana. Watu wakacheka, wakasema huyu ameionja pombe ya kazi kabla ya wenzake. Mimi nilijua. Nikatupa jembe, nikakimbia huku nafungua pindo.

Mama mkwe akasimama mbele yangu, mikono ameitandaza.

"Unampa nini mwanangu? Unataka kumuua?"

"Mama, sista alisema..."

"Sista alisema sukari mwiko. Nilikuwepo."

Kikundi kizima kinatutazama. Zamani zile mkwe hakumjibu mama mkwe, sembuse mbele ya wanaume. Nikainamisha macho. Naam, niliinamisha macho, huku mume wangu amepiga magoti kwenye udongo, midomo inamcheza. Ndipo likanijia la wahenga, mchelea mwana kulia hulia yeye, na nikamwona wazi nitakayemlilia. Nikamsukuma mama. Mama wa watu akaenda chini, puu, juu ya tuta. Nikamshika Deo kidevu, nikaona bado anameza, nikamtia sukari kinywani kidogo kidogo. "Meza, baba. Meza."

Mama analia, ananiita muuaji. Mimi naendelea kumtilia sukari. Halafu macho ya Deo yakatulia. Akanitazama, akawatazama watu, akauliza, "Mbona mmeacha kulima?" Shamba zima likalipuka vigelegele. Nikacheka na kulia kwa pamoja, nikaruka ruka, sijui niliharibu matuta mangapi. Ugali ukaletwa, mashindano yakasimama, akala huku tumemzunguka.

Jioni mama akaniita jikoni. Nikapiga magoti nimwombe radhi.

"Radhi ya nini, ya kunisukuma?" Alikuwa amekasirika kweli kweli. "Ugomvi wangu na wewe ni kwamba ulisimama nilipokuzuia. Ulijua, ukanyamaza, mwanangu anakufa. Na kwa nini hukuniambia tangu kule hospitali? Siku nyingine nisukume kwanza, heshima utaniletea baadaye." Kisha akanisogezea kigoda. "Haya, nifundishe. Lote, mpaka mwisho."

Basi mwanangu, shika haya. Ukimpeleka mgonjwa hospitali, usinyanyuke kabla anayekufundisha hajamaliza, na ukifika nyumbani wafundishe wote. Anayechoma sindano ya kisukari asiache kula. Ukimwona anatoka jasho na kuongea hovyo, usimcheke wala usimwite mlevi. Kama anameza, mpe sukari upesi, kisha chakula. Kama hawezi kumeza, usimmiminie kitu kinywani, mkimbize hospitali. Wala ugonjwa msiufiche. Mficha maradhi kilio humuumbua. Na mkubwa akikosea penye uhai wa mtu, mwambie pale pale. Adabu haikuwekwa iue watu.

Mungu akupe masikio ya kusikia somo lote, na mkono usiosita. Akubariki wewe na nyumba yako. Maana mama yako mzazi, mjukuu wangu, alizaliwa baada ya siku ile.