Mama Panya na Misonobari ya Mlimani

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazini, kwa miaka kumi na saba, wote walimwita Mama Panya, naye aliitika. Kazi yake ilikuwa kutega panya mahali misonobari ilipovunwa, ili mbegu zinazodondoka kutoka miti michache iliyoachwa zipate kuota zenyewe. Panya wakiachiwa, hawabakizi hata moja.

Mwaka ule goti la kushoto lilimgomea. Akipanda mlima alisimama kila baada ya hatua ishirini, akijidai anakagua mitego.

Bwana misitu, mtu wa haraka zake, alikuwa ameweka sumu msimu uliotangulia. Panya walikufa, kweli. Bundi waliowala wakafa pia. Miezi minne baadaye panya walirudi utitiri, na wa kuwawinda hayupo.

"Sasa tufanyeje, mama?" akauliza siku moja, sauti imemshuka.

Mama Panya alikuwa amechoka mno, hata nguvu za kumsimanga hakuwa nazo. "Yale malundo ya matawi yaliyoachwa na wakata miti ndiyo nyumba zao, tuyaondoe. Miti mikavu usiikate, bundi wengine wapate pa kutua. Halafu tungoje mwaka ambao misonobari itazaa kupita kiasi. Watakula mpaka washindwe, na mbegu zitakazobaki zitaota."

"Mwaka huo ni lini?"

"Ningeujua, ningelala mpaka ufike."

Waliburuta matawi wiki tano, yeye na wanawake wanne. Jioni mumewe alimkanda goti kwa maji ya moto. "Hao panya wakulipe pensheni," alisema. Mama Panya hakucheka, ila mguu aliuacha palepale mapajani mwake.

Misonobari ilizaa kupita kiasi mwaka wa pili. Mvua zilipokatika alipanda mlima na kamba yake, akapima viwanja vidogo kumi, akainama kimoja kimoja huku goti likimuuma. Saba vilikuwa na miche ya misonobari, myembamba kama uzi.

Bwana misitu alishika simu, akapigia kila mtu. Mama Panya alitafuta kisiki akakaa. Alidhani siku hiyo angepiga vigelegele. Kumbe alitaka usingizi tu.

"Mwakani tafuteni mwingine wa kuupanda mlima huu," alisema.

"Nani ajuaye kama wewe, mama?"

"Hata mimi nilikuja sijui. Mleteni, nitamfundisha nikiwa nimekaa."