Viazi vya Jana

Watu wakinisikia nikisema chakula cha Uswisi nilijifunzia Ruiru, hucheka. Wacheke. Miaka ya hamsini nilikuwa mpishi katika nyumba ya mkulima wa kahawa, nje kidogo ya mji. Memsaab wangu alizaliwa Uswisi, na ndiye aliyenifundisha supu ya shayiri, na makaroni yanayopikwa pamoja na viazi na jibini, kisha yakaliwa na matufaha yaliyopondwa. Ukipata nafasi yajaribu hayo makaroni, utanikumbuka. Ila leo nasimulia viazi, kwa sababu viazi ndivyo vilivyoniaibisha.

Mama yake memsaab alikuja kutoka kwao, mzee, mjane wa miezi michache. Kimoyomoyo nilimwita cucu, kama tunavyowaita bibi zetu. Nilimpikia kuku, nikampikia samaki, nikamtolea sahani zenye ukingo wa dhahabu. Siku nne nzima cucu alionja tu, akasukuma sahani. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa, na memsaab akaanza kuogopa kwamba mama yake amekuja kumfia mikononi. Mimi pia niliogopa.

“Chemsha waru leo,” memsaab akaniambia, “na maganda yake. Kesho asubuhi unakwaruza, unakaanga. Mama anapenda hii tangu mtoto.”

“Ndio, memsaab.”

Nilichemsha viazi, lakini roho ilikataa. Kwetu kiporo ni cha wenye nyumba. Mgeni hupikiwa siku hiyohiyo, ale kikiwa moto. Ningempaje mama wa mtu, aliyevuka bahari, viazi vilivyolala? Nikajifanya mjuaji. Alfajiri nikavipeleka nyumbani kwangu, kwenye laini, safu ya nyumba za wafanyakazi, nikamwachia mke wangu, nikarudi kuchemsha vingine. Nilivikwaruza vikiwa na joto, vikawa uji. Kwenye kikaango vilishika chini, juu vikapasukapasuka. Cucu alivitazama, akaweka uma chini.

Memsaab alinifuata jikoni akilia. “Ulifanya nini?”

Nikamwambia ukweli wote. “Yeye ni mgeni, memsaab. Mimi siwezi kumpa mgeni kiporo.”

Alirudi mezani, nikamsikia akimweleza mama yake kwa lugha yao. Kiti kikasogea. Cucu akaingia jikoni, mara ya kwanza tangu afike, akaniuliza kitu.

“Anataka kujua vile viazi viko wapi,” memsaab akasema.

Nilikimbia. Mke wangu alikuwa ameshawapa watoto nusu. “Baba watoto, leo unaninyang'anya waru?” akaniuliza, lakini akanifungia vilivyobaki kwenye kitambaa.

Cucu alijifunga aproni yangu. Akavimenya, akavikwaruza, na safari hii vilitoka nyuzinyuzi. Akatia siagi na chumvi, akavikandamiza kwa mwiko na kuviacha hapo. Kila nilipotaka kuvigeuza alinipiga kikofi mkononi. Chini vilipokuwa vya kahawia akafunika sahani juu, akapindua, akavirudisha motoni upande wa pili. Vilitoka vimeshikana kama chapati nene. Hicho ndicho Waswisi hukiita rösti, na ukitaka kukijaribu, siri ni hiyo tu: viazi vilale.

Alikula amesimama, palepale kwenye kikaango, akanikatia na mimi kipande. Kisha akasema jambo polepole, akimtazama binti yake. Memsaab alichelewa kutafsiri.

“Anasema wewe ulisema kweli. Mgeni hapewi chakula ya jana.” Akafuta macho. “Anasema amechoka kuwa mgeni. Amekuja kwa mtoto wake.”

Nilizikumbuka zile sahani za dhahabu, siku nne, nikaona haya. Najua memsaab naye aliona haya, kwa sababu alizikusanya mwenyewe akazirudisha kabatini. Kisha akaniambia nichemshe viazi vya kesho.