Mama Dobi na Balozi Wake

"Una habari wewe, au umelala tu? Yule Mama Dobi anawafungia watoto wa watu ndani. Asiyeona, asiyetembea, wote! Wanamfulia bure kutwa, mwenyewe kakaa kitini anakunywa chai."

Muuza mkaa alisema hayo huku akijaza debe, na kila neno lilitoka na vumbi lake. Mke wa fundi baiskeli, mtoto mgongoni, aliganda na mfuko wake mkononi. Mwezi mzima sasa wifi yake alikuwa akishinda huko huko kwa Mama Dobi.

Wifi huyo, kitindamimba kwao mumewe, alikuwa na miaka kumi na tisa. Maneno yalimjia polepole, hesabu zilimkataa kabisa, na nyumbani walishazoea kumwona mkekani akicheza na watoto. Mke wa fundi ndiye aliyemsemea kila kitu: dukani, zahanati, hata mbele ya wageni. Ndiye pia aliyembembeleza mumewe mpaka akakubali, shingo upande, dada yake akajifunze kazi.

"Lakini siku nikisikia kaharibu kitu cha mtu," mume alisema siku ile, "hatoki tena mlango huu. Sitaki dada yangu awe kichekesho cha mtaa."

"Mkaa niwekee, shoga, naurudia," mke wa fundi alisema, na miguu ilikwisha ondoka kabla ya maneno kuisha.

Mlango wa Mama Dobi aliukuta wazi, tena umezuiwa kwa tofali usijifunge. Habari ya kufungiwa ikafia pale pale kizingitini. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya sabuni. Kijana asiyeona alikuwa akipiga pasi shati jeupe: vidole vya mkono wa kushoto vilitangulia kutafuta mikunjo, pasi ikafuata nyuma yake taratibu. Mwenzake, kwenye kiti cha magurudumu, alifunga mafurushi kwa vitambaa vya rangi, kila mteja na rangi yake, maana si wote pale waliojua kusoma. Mama Dobi mwenyewe, kweli, alikuwa kitini anakunywa chai.

"Karibu, mwanangu. Usinishangae kukaa, hii ndiyo kazi yangu ngumu kuliko zote. Nikisimama tu, nitawasaidia."

Mke wa fundi aliona aibu, lakini swali lilikwisha panda kooni. "Eti wanakufulia bure?"

Yule wa kiti cha magurudumu, aliyeitwa Karani, akaangua kicheko. "Hayo ya muuza mkaa! Muulize, Jumamosi nikishapokea ujira wangu, mkaa wake nanunua kwa mawe?"

"Mwache, Karani," Mama Dobi alisema. Akamwonyesha mgeni benchi la kando yake, akaketi. "Mimi nilikuwa na kaka asiyetembea. Tulimpenda, mwanangu, tukampenda mpaka tukamlemaza mikono. Kikombe chake hakukiosha hata siku moja. Mama alipofariki, kaka ana miaka arobaini, hajui kuwasha jiko. Alilia kama mtoto, si kwa msiba tu, kwa lile jiko. Ndipo nikamfundisha kufua. Alikufa akiwa dobi mzuri kunishinda, tena mwenye kiburi!" Akacheka, akajifuta jicho kwa upindo wa kanga.

"Na wifi yangu yuko wapi?"

"Balozi? Ndivyo tumwitavyo hapa. Kapeleka nguo. Leo ni mara yake ya kwanza peke yake."

Mke wa fundi akasimama wima. "Peke yake? Na ile barabara?"

"Tumeivuka naye siku ishirini, anaijua kunishinda. Keti."

Hakupata nafasi ya kuketi tena. Mlango ulijaa mwalimu mstaafu, mama wa makamo, furushi kifuani na miwani imeteleza puani.

"Mama Dobi! Mimi nimestaafu, nimepumzika zangu, leo naletewa magwanda ya nesi! Nikachome watu sindano? Gauni langu la maua liko wapi? Saa kumi nina kikao."

Mke wa fundi akakumbuka kiapo cha mumewe. Ndiyo hii sasa. Na nyuma ya mwalimu, jasho limemtiririka, uso unang'aa kwa furaha, akaingia wifi mwenyewe, mikono mitupu.

"Nimefika kote!" akatangaza.

"Umefika, hongera," Mama Dobi alisema. "Sasa meza inakuita."

Ndio uliokuwa utaratibu wa nyumba ile: aliyekosea husimama kando ya meza ya pasi akasimulia mwenyewe, na hakuna wa kumsaidia hata neno. Mama Dobi naye alishasimama hapo, siku alipounguza suruali ya bwana harusi sehemu isiyotajika.

"Mwalimu, msamehe tu," mke wa fundi alianza, "huyu kwa kweli hajui rangi vi..."

Mama Dobi akainua kidole kimoja kumkatiza.

Wifi alishika ukingo wa meza. Akafungua mdomo, akaufunga. Kijana wa pasi akaiweka pasi chini, akasubiri. Mtoto mgongoni alikohoa.

"Rangi najua," wifi alisema hatimaye. "Nyeupe ya nesi. Kijani ya mwalimu. Nesi... nesi alikuwa na huzuni. Macho mekundu. Nikampa la maua."

"Ukanipa mimi magwanda?" mwalimu aliuliza.

"Wewe ulikuwa unacheka."

Karani alijiziba mdomo kwa kitambaa. Mwalimu alitaka kukasirika, ikaonekana kabisa anatafuta pa kuanzia, akapakosa.

"Nguo ni ya nani, Balozi?" Mama Dobi aliuliza.

"Ya mwalimu." Akafikiri. "Naifuata."

Akachukua furushi la magwanda, akatoka. Mke wa fundi alijikuta mlangoni. Mama Dobi alimshika upindo wa kanga, wala hakuvuta sana. Wakakaa, dakika zikatambaa. Wifi aliporudi, gauni lilikuwa begani.

"Alikuwa kalivaa," alisema. "Alidhani mumewe kamletea. Nikamwambia hapana, ni mimi, nimekosea. Kacheka. Kalivua."

Mwalimu alicheka mpaka miwani ikaanguka. "Wiki ijayo uniletee wewe mwenyewe, Balozi. Sitaki mwingine. Ila uniletee langu!"

Alipokwenda zake, mke wa fundi alimsogelea Mama Dobi akanong'ona: "Mume wangu aliapa. Akisikia haya, ndiyo basi tena. Nitamwambia nguo nilizichanganya mimi."

Mama Dobi aliiweka mikono yake miwili, iliyokunjamana kwa maji, juu ya mkono wake.

"Nina ombi, mwanangu. Usimfiche mumeo, na usimsemee wifi yako. Jioni mwache asimame mbele ya kaka yake asimulie mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, na lile la nesi kucheka. Hata akikwama kwenye neno, usimpe. Utaniwezea hilo?"