Dole Gumba la Kassimu

Kosa langu la kwanza tangu niwe katibu wa klabu yetu ya wanariadha wenye ulemavu ni kuiweka kando fomu ya Kassimu. Serikali ilikuwa inachagua wanariadha wa kuwagharamia kambi ya mazoezi, na fomu ilitaka alama ya dole gumba la mkono. Kassimu, mkimbiaji wetu, alizaliwa bila mikono. Alicheka, akavua kiatu.

"Dole ninalo, Katibu. Liko chini tu."

Akaligandamiza dole la mguu kwenye wino, akapiga alama safi kabisa.

Mimi sikusomea ukatibu. Nilijifunza kwa kunakili barua za watu, na mpaka leo nikiona karatasi isiyofanana na nyingine naisoma mara tatu. Nilijiambia nitauliza kwanza utaratibu. Nikaona aibu kuuliza. Siku ya mwisho ikapita. Nikamwambia Kassimu hakuchaguliwa. Mwaka uliofuata kichomi kikamuua, akiamini hivyo.

Usiku mmoja baada ya kifo chake nililala na fomu nyingine ndani ya mkoba, ya Zuhura, mwanariadha mwingine wa klabu. Zuhura hushindana kwa kiti cha magurudumu cha hospitali, na serikali ilikuwa inatoa viti vya mbio. Picha yake ya pasipoti ilionyesha mishikio ya kiti nyuma ya mabega. Nilitaka apige nyingine isiyoonyesha kiti, ingawa mwisho wa kupokea fomu ulikuwa kesho yake saa sita mchana.

Nikajiona niko ofisi ya michezo ya mkoa. Haina paa. Kuna foleni ya watu ninaowajua, wala hakuna anayenisalimu. Nyuma ya meza amekaa Kassimu, kavaa fulana ya klabu.

Ana mikono.

Anapanga karatasi polepole, na vile vidole navijua. Kovu la wembe kwenye kidole cha shahada ni langu. Natazama chini. Mikono ya shati langu inaning'inia mitupu.

"Kassimu, nirudishie."

"Jaza kwanza, Katibu. Dole gumba la mkono."

Foleni nzima inacheka. "Huyo naye!" mtu anasema. "Anatuchelewesha."

Meza haipo tena. Tuko uwanjani, kwenye mstari wa kuanzia, na fomu iko chini kwenye vumbi, kando ya kidau cha wino. Navua kiatu kwa kukikanyaga kisigino. Nakanyaga wino, nakanyaga karatasi. Kassimu anaiokota, anaipuliza ikauke.

"Mbona inasomeka?"

Hana hasira hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha. Anainama sikioni kwangu.

"Zuhura naye utamwambia hakuchaguliwa?"

Nikazinduka nimekaa kitandani, najishika vidole kimoja kimoja.

Asubuhi nilipeleka fomu na picha ileile. Afisa michezo akagonga mhuri, akaniambia, "Haya, anayefuata." Kutoka pale nilikwenda kwa mama yake Kassimu, nikamweleza yote.

"Kumbe ni wewe," alisema. Akafunga mlango taratibu.

Majibu ya Zuhura hayajatoka. Mama Kassimu hajanifungulia tena. Ila siku hizi fomu ya mwanariadha hailali kwangu, na nisichokijua nakiuliza.