Kuvuka Mpaka na Mkwe Nisiyemtazama

Kiangazi kile pamba tuliimaliza mapema. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imeachiwa huru, wanunuzi wanatufuata na malori yao hadi kijijini kwetu Dutwa, sabuni imejaa madukani. Nami nilikuwa na raha zangu: asubuhi nakata viazi, naanika michembe juu ya jabali ikauke, mchana najinyoosha kivulini. Safari sikuwa nayo.

Basi akaja mkwe wangu kutoka Kenya. Alikuwa amemwoa binti yangu wa mwisho, wakahamia huko kuuza vitenge. Hakuingia ndani. Kwetu Wasukuma, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani wala hawakai pamoja, ndiyo heshima. Alisimama nyuma ya uzio wa minyaa, akamwambia mume wangu kwamba binti yetu anakaribia kujifungua, mimba ya kwanza, miguu imevimba, na anamtaka mama yake tu.

"Utakwenda?" mume wangu akaniuliza.

"Michembe nimeshaifunga kwenye mfuko."

Kwenye basi nilikaa mbele, mkwe kiti cha mwisho. Nikitaka kitu namtuma kondakta: "Mwanangu, mwambie yule wa shati la bluu aninunulie maji." Mwisho kondakta akachoka.

"Mama, mimi si posta! Mmegombana?"

"Tunaheshimiana sana, ndiyo maana."

Basi zima likacheka. Majina ya waliocheka ninayo mpaka leo, maana njia nzima tulikuwa tunaulizana majina na koo zetu.

Kazi ilikuwa mpakani. Karatasi yangu ya kuvukia alikuwa nayo mkwe. Akaiweka mezani haraka, akaenda kujibanza nyuma ya mlango, kofia ameishusha machoni. Ofisa akatutilia shaka.

"Mama, unamjua huyu?"

"Namjua."

"Hebu mtazame, unihakikishie."

"Simtazami."

"Basi huvuki."

Nikamwona moyoni binti yangu akijifungulia mikononi mwa watu baki, kisa macho. Nikajifunika khanga kichwani, nikageukia ukuta.

"Mkwe, njoo usimame nyuma yangu. Nipe mgongo."

Nikasikia viatu vyake vinakuja.

"Haya baba," nikamwambia ofisa, "muulize huyo jina la mama yangu. Kisha uniulize mimi ukoo wake."

Mkwe akalitaja jina la mama yangu bila kusita, nami nikaitikia kuwa ndilo. Mimi nikautaja ukoo wake nikipanda, baba, babu, baba wa babu, naye akiitikia kila jina, mpaka ofisa akaweka kalamu chini kwa kucheka.

"Inatosha, mama! Vukeni."

Tulimkuta binti bado mzito.

"Mama! Umewezaje kusafiri na huyu?"

"Nilisafiri na kondakta."

Akajifungua wiki ileile, mikononi mwangu, mtoto wa kike. Baba yake alipobisha hodi nilimlaza mtoto kwenye mkeka karibu na mlango, nikageukia ukuta. Akaingia, akamnyanyua, akamwita kwa jina. Lilikuwa lile la mama yangu, alilolitaja mpakani.

Sikugeuka. Nikamwambia tu, "Umelitaja sawasawa."