Piano Iliyofukizwa

Kumbi zote ninazoalikwa kupiga piano zinanuka vanishi, na harufu hiyo hunirudisha Garissa, kwenye hasira ileile.

Mwalimu wangu wa piano alikwenda kwao Machakos likizo, akaacha piano yake kwetu kwa sharti moja: isiguswe. Siku moja natoka madrasa, nakuta moshi unafuka katikati ya vibao vyake vyeupe. Bibi yangu, niliyemwita Ayeeyo, amepiga magoti, amesukuma chetezo cha makaa tumboni mwa piano, kama afukizavyo vyombo vya mbao vya maziwa ya ngamia ili visioze. Nyufa zote keshazipaka samli.

“Ayeeyo! Hicho si chombo cha maziwa!”

“Ni mbao, kina tumbo, kina kifuniko. Kinapasuka kwa joto, nyinyi mnakitazama tu.”

“Tumeambiwa kisiguswe!”

“Na kikioza?”

Mwalimu aliporudi alibonyeza kibao kimoja, akanusa, akafunga kifuniko. Muhula mzima hakunifundisha. Bibi naye muhula mzima aliuliza kwa nini hakuna aliyemshukuru.

Leo tena ukumbi umejaa, fundi wa piano amenikunjia uso kwa kuchelewa kuanza. Nimeinama, nimenusa ndani. Vanishi tupu. Piano nzuri hivi, na hakuna aliyeifukiza!