Meno na Bambo

Sitaki kuambiwa tena kwamba cheti ni karatasi tu. Wanaosema hivyo mara nyingi ni watu ambao maneno yao husikilizwa hata wakiwa mikono mitupu. Yangu hayakusikilizwa.

Nilikuwa mpimaji katika ghala moja la mahindi hapa Sumbawanga. Kila asubuhi nilitoka nyumbani Mazwi kwa baiskeli, na wakati wa kipupwe upepo wa huku hauna adabu, unakuchapa usoni mpaka machozi yanatoka. Nikifika, kazi yangu ilikuwa moja: kusema mzigo huu umekauka, uingie, au huu mbichi, urudi ukaanikwe. Kifaa sikuwa nacho. Nilipima kwa meno, kama mama alivyonifundisha shambani kwetu upande wa Laela. Unachukua punje, unaiweka kwenye magego, unang'ata. Ikipasuka kwa mlio, imekauka. Ikibonyea, bado. Huku Ufipa ukimwuzia mtu mahindi naye asing'ate hata punje moja, unaanza kumtilia shaka.

Msimu mmoja uliingia mzigo mbichi. Niling'ata, punje ikabonyea, nikasema hapana. Bosi alikuwa na haraka.

"Dada, wewe nawe unapenda kukataa," akasema, na magunia yakapangwa ndani. Hayakukaa sana. Tulipofungua mlango tukakutana na joto na harufu ya ukungu, na mnunuzi akagoma hata kuyatazama. Bosi akatukusanya uani. "Mpimaji hapa ni nani?" akauliza. Wote wakanigeukia.

Yaani siku ya kupokea neno langu lilikuwa jepesi, siku ya lawama likawa zito. Nilikasirika, na hasira ile sijaimaliza hata leo.

Ndipo nikaamua kutafuta cheti cha mkaguzi wa ubora wa nafaka. Mwenye nacho huweka sahihi kwenye mzigo, na wanunuzi wakubwa hawagusi mzigo usio na sahihi hiyo. Nilitaka hapana yangu iwe na kufuli. Bosi alicheka. "Cheti kitakutafunia mahindi?" Mama alinuna kabisa. Nilipokwenda kumsalimia hakuitikia shikamoo yangu mpaka nilipoirudia, kisha akasema kwa Kifipa kwamba meno aliyonipa yalinisomesha na kunivika, na leo nayaona takataka. Akamalizia kwa Kiswahili, ili na majirani wasikie: "Mkataa kwao mtumwa."

Nikasoma hivyo hivyo. Jumapili baada ya misa nilikaa nyuma ya nyumba na madaftari, nikakariri kasoro za punje. Wanangu waliona mama yao anasali litania mpya, wakaanza kuniitikia. Punje zilizovunjika! Tuondokeeni. Punje zilizooza! Tuondokeeni. Punje zilizotobolewa na dumuzi! Nikasoma habari za sumu kuvu, ile inayojificha kwenye mahindi yaliyohifadhiwa mabichi na kuingia kwenye ugali bila kubadili ladha. Nilipofika hapo niliweka daftari chini nikawaza mahindi mangapi nimeyapitisha kwa kusukumwa. Sikuogopa mtihani. Niliogopa kuendelea bila kujua.

Baada ya hasara ile ghala lilinunua vifaa, nami nikajifunza kazini kutumia bambo, kile chuma chenye ncha na uwazi ndani. Unachoma nacho gunia mpaka katikati, kinatoka kimebeba punje za kule ambako mkono haufiki. Kisha unazitia kwenye kipima unyevu, kinakuambia.

Mtihani ulifanyika Mbeya. Wa kuandika niliumaliza vizuri. Kwenye wa vitendo nilisimama mbele ya meza, msimamizi kando yangu, nikachoma gunia, nikachanganya sampuli, nikaigawa, nikaichekecha, kila kitu kwa utaratibu wake. Halafu, Mungu wangu, mkono ukaenda wenyewe. Nikajitupia punje mdomoni, nikang'ata. Kah!



"Mama," msimamizi akasema taratibu, "mahindi hayo yametiwa dawa ya wadudu. Nenda kasukutue mdomo."

Nilisukutua, nikarudi, nikakuta nimeshafeli. Kwenye basi la kurudi nililia kuanzia Tunduma, na tulipopita Laela nikajifunika kitenge nisije nikaonwa na mtu wa kwetu. Ghalani walinipokea kwa vicheko. Mmoja akasema wenzangu wanafeli kwa kukosa majibu, mimi nimefeli kwa kula swali. Nilicheka nao, kwa sababu ilikuwa kweli, kisha nikajiandikisha upya.

Tatizo langu sasa halikuwa kichwani, lilikuwa mdomoni. Kwa hiyo nikavaa barakoa kazini kutwa nzima. Mkono ulikwenda, ukagonga kitambaa, ukarudi. Wapakiaji waliniuliza kama nimeficha pengo. Niliwaacha waseme. Ilichukua muda mpaka mkono ukakata tamaa, na niliporudi Mbeya ulitulia pale ulipotakiwa. Nikafaulu.

Bosi alifurahi kuliko mimi. Alitundika nakala ya cheti ofisini ili wanunuzi waione. Kwake kilikuwa pambo, na pambo halikatai mzigo.

Kisha msimu ukafunguka, na lori likaja kutoka Laela na mahindi ya kaya kadhaa za kwetu. Aliyeshuka mbele, karibu na dereva, alikuwa mama. Lori la mnunuzi lilikuwa tayari uani, linasubiri.

"Shikamoo mama," bosi akasema, mchangamfu. "Leo kazi nyepesi. Mtoto anapokea ya mamaye."

Mama alifungua gunia lake, akatoa punje ya juu, akang'ata mbele ya watu wote. Ikalia. Akanitazama kama anayesema, haya, lete hicho chuma chako.

Nikaleta. Nilichoma gunia lile lile mpaka katikati, nikatia punje kwenye kipima. Mbichi. Nikachoma la pili, na la jirani, na la nyuma kabisa. Mbichi. Yalikuwa yameanikwa juu juu, yakafungwa kwa haraka ya lori.

"Hayaingii," nikasema. 

"Ya mama yako mzazi?" bosi akauliza. Kisha akanisogelea, akashusha sauti. "Weka sahihi bwana. Meno yamesema mahindi yamekauka. Si ndiyo mila yenu?"

Hapo ndipo niliposhikwa. Angenitukana ningejibu. Lakini alikuwa ameshika meno ya mama na kuyafanya kisingizio chake. Nilimwogopa mama kuliko nilivyomwogopa yeye, hata hivyo nikainua bambo na kulielekeza kwa mama, punje zikiwa bado ndani.

"Mama, ng'ata na hizi. Zimetoka katikati."

Alisita. Akachukua moja, akaiweka kwenye magego. Tulisubiri mlio, haukuja. Aliitoa, akaitazama ilivyobonyea, akaifuta kwenye kanga na kuitia mfukoni kama kitu ambacho hakutaka watu wengine wakione. Kisha akawageukia wapakiaji.

"Msiyaingize ghalani. Turubai mnazo? Tutayaanika hapa hapa uani."

"Na lori la mnunuzi?" bosi akapaza sauti. "Liondoke tupu?"

Mama aligeuka. Alinitazama mimi, akasubiri, kama tulivyosubiri mlio.

"Liondoke," nikasema.